Maboga Yaliyonyooshewa Kidole

Mama alikuja kukaa nami Buruburu akiwa na mkoba mmoja na mbegu za maboga zilizofungwa kwenye pembe ya leso. Kaka yangu ndiye aliyemleta. Alimketisha sebuleni, akanivuta jikoni na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba huko nyumbani, magharibi, mambo yamemshinda. Mama alikuwa ameanza kwenda shambani asubuhi na kupotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote. Mara ya mwisho walimkuta amekaa katikati ya shamba la miwa, miguu imekatwakatwa na majani, akiwauliza waliomkuta kama wanajua kwake ni wapi. Kaka huendesha lori na hulala njiani, mke wake anafundisha, watoto wako shuleni. Nikasema abaki. Sikukaa nikafikiri, na hata ningefikiri ningesema vilevile.

Shida yangu ilikuwa mchana. Ninafanya kazi katika duka la rangi na vifaa vya ujenzi kule Kariobangi, natoka asubuhi na kurudi jioni. Mume wangu alishafariki, na mwanangu wa pekee yuko chuo cha mbali. Nilijaribu wasichana wa kazi. Mama aliwafukuza mmoja baada ya mwingine: huyu hajui kusonga ugali, yule anaongea na simu kuliko anavyoongea na watu. Aliyeniokoa ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Ni mama wa Kiislamu, mjane kama mimi, anayeuza madera na vitambaa sebuleni kwake, kwa hiyo mchana huwa yupo. Alikuja kumsalimu mgeni na chupa ya chai ya tangawizi, akarudi kesho yake, na kabla ya muda mrefu ikawa mimi nikitoka yeye anaingia. Wateja wake walijua wakimkosa kwake wabishe hodi kwangu. Habari ya malipo hakutaka hata kuisikia. Mama alimwita "binti yangu", na kuna siku alisahau jina langu lakini la jirani akalitaja bila kukwama. Sikuona wivu. Labda kidogo.

Katika mtaa wetu, wenye lango moja na soja mmoja wa kulilinda, karibu kila mtu ameshajenga nyuma ya nyumba yake: vyumba vya kupangisha, duka, saluni. Palipobaki wazi wametandaza matofali ya kabro. Mimi ni kati ya wachache waliobaki na udongo, na ukweli ni kwamba sikuwahi kupata pesa za kujengea. Mama aliuona ule udongo siku ya kwanza akavua viatu. Alipanda mbegu zake chini ya ukuta unaonitenganisha na jirani, akaniagiza majivu, akaniagiza samadi, akanikemea kwa kuleta samadi mbichi. Mwanamke aliyekuwa hakumbuki kama amekunywa chai alikumbuka kina cha shimo la mbegu. Kwa muda nilidhani udongo ungemponya.

Maboga yakatambaa, yakapanda ukuta, yakachungulia kwa jirani. Tulikula majani yake, seveve, mpaka jirani naye akajifunza kuyapika kwa maziwa. Maua yakafunguka, makubwa na ya manjano, na nyuma ya baadhi yake kukawa na viboga vidogo kama yai la kuku. Mama aliamka alfajiri kuvihesabu. Halafu vikaanza kugeuka manjano, kimoja kimoja, vikalainika na kuanguka. Mama aliviokota akavipanga juu ya kizingiti cha mlango wa nyuma.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Boga changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja ngumi na kulielekeza kwa ngumi. Ukilinyooshea kidole, litaoza kabla halijakua. Nilichapwa kwa ajili hiyo nikiwa mdogo, na sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini.

Jumapili moja tulikuwa nyuma ya nyumba, Mama amekaa kwenye kigoda, mimi naanua nguo. Jirani alisimama upande wake wa ukuta, akaona kiboga kilichokuwa kimebaki peke yake, akafurahi. "Mama, si unaona lile pale," akasema, "hilo sasa limeshika." Akanyoosha mkono wake wenye hina, kidole mbele kabisa. Nilimwona Mama akiacha kutazama boga na kutazama kile kidole. Nikaendelea kuanua nguo zangu, nikijiambia kwamba yatapita. Kile kiboga kilianguka kabla ya juma kwisha.

Sasa niseme kitu kuhusu kusahau kwa Mama. Alisahau kwamba Baba alikufa, nikawa namzika upya kila aliponiuliza yuko wapi. Alisahau kwamba amekula, akanisingizia mbele ya wageni kwamba namlaza njaa. Lakini hakusahau kile kidole. Kila asubuhi aliamka nacho. "Yule mwanamke alinyoosha," ananiambia nikimfunga kitambaa kichwani. "Mama, hakujua." "Alinyoosha." Kisha akaacha kunywa chai ya jirani. Kisha akawa akikaa naye anamtazama mikono tu, na jirani akiinua mkono kujikuna, Mama anasogea.

Jirani alicheka mwanzoni. Alimwomba msamaha, akakunja ngumi kuonyesha kwamba ameelewa, akasema kwao pia yako mambo ya namna hiyo, jicho baya na mengineyo. Lakini walikuja kina mama wa kanisa kumwombea Mama, na Mama akawasimulia hadithi yote kwa ufasaha ambao hata mimi sikujua bado anao. Mmoja wao akaifikisha saluni. Kutoka saluni, kidole kikawa uchawi, na uchawi ukarudi mpaka mlangoni kwa jirani kupitia kwa mteja aliyekuja kununua dera akauliza kama ni kweli.

Jioni hiyo jirani alinisubiri langoni. Hakupaza sauti.

"Jirani, mimi nimezaliwa Eastleigh. Mama yangu alizaliwa Isiolo. Hapa nchini mwangu nimeitwa mgeni na majina mengine mengi, na nimenyamaza," akasema. "Mchawi sijawahi kuitwa."

Nikamwambia ni ugonjwa, si Mama.

"Najua ni ugonjwa. Akianguka niite, hata usiku nitakuja. Lakini kukaa mchana mzima na mtu anayenichunga mikono, siwezi. Pia mimi nina moyo."

Alikuwa amesema kweli. Niliingia ndani nikamkuta Mama ametulia, anachambua kunde. Nilimkasirikia, na hasira ile sikuwa na pa kuipeleka. Utamgombeza vipi mtu ambaye hakumbuki alichofanya ila anakumbuka alichofanyiwa?

Nilichukua likizo yangu yote ya mwaka ili nikae naye. Kaka alipopata habari alipiga simu, akasema shule zikifungwa atakuja kumchukua, angalau watoto watakuwa nyumbani. Nikamuuliza, na zikifunguliwa? Akasema tutaona. Najua maana ya tutaona. Maana yake ni Mama kufungiwa ndani na kufuli nje, au shamba la miwa tena, na safari hii labda asionekane mapema. Ilibidi jirani arudi, na ili arudi ilibidi Mama aache kumshuku. Nikajishika kwenye wazo moja kama mtu anayezama: boga moja tu likue, moja tu, Mama alishike mkononi, basi hadithi ya kidole itakufa.

Ndipo nikaanza kuamka naye alfajiri kutazama maua. Maua ya maboga hufunguka jua likichomoza na kufikia saa nne yamesinyaa. Katika masaa hayo kitu fulani lazima kitoe chavua kwenye ua la kiume na kuipeleka kwenye la kike, la sivyo kiboga huanguka. Nilifundishwa hayo darasani, nikachora na mchoro, lakini sikuwahi kukaa nikasubiri yatokee. Nilikaa sasa. Hakikuja kitu. Inzi wawili watatu wa jaa, basi. Nikatazama huku na huko: kabro, mabati, matangi ya maji, ukuta juu ya ukuta. Ua wa miti unaozunguka mtaa wetu hukatwa kabla haujachanua, na kila baada ya muda anapita mtu na mtungi mgongoni kuupiga dawa ya mbu. Nyuki afuate nini kwetu? Mimi mwenyewe ningekuwa nyuki ningepita moja kwa moja.

Kuna njia ya kuchuma ua la kiume na kulipaka kwa mkono kwenye la kike. Mama hakuruhusu mtu yeyote aguse maua yake, na alikaa pale kama soja kuanzia giza mpaka yafunge. Kwa hiyo ilibaki kuwaalika nyuki wenyewe.

Nilinunua rehani zilizokwisha kuchanua kutoka kwa wauza miche wa kando ya barabara ya Jogoo, nikazipanda karibu na maboga. Nilipanda miche mikubwa ya alizeti kwenye ndoo za rangi zilizotupwa dukani. Katika mboga ambazo Mama alikuwa amepanda kando, nikaacha dania ipande juu na kutoa maua yake meupe, nikaacha kunde, na nikaacha mitoo, ile mboga yetu chungu, ifikie maua yake ya manjano. Kishona-nguo niliyokuwa naing'oa kila mara niliiacha kwenye kona, imee inavyotaka. Niliweka beseni la maji lenye mawe, ili wadudu wapate pa kusimama wakinywa wasizame. Nilileta gogo lililooza kwa ajili ya wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na kipande kimoja cha udongo nikakiacha wazi, bila nyasi wala kumwagiwa maji, kwa sababu nilisikia kwamba wapo nyuki wanaolala ardhini. Soja wa langoni alipita akatazama. "Mathe, hapa ni kama umehama ukaacha nyumba," akasema. Nikamwambia apite.

Kwa mwenyekiti wa mtaa nilikwenda na maneno matamu, na nikatoka na maneno makali. Nilimwomba dawa isipigwe upande wangu. Akaniuliza, mbu je? Nikamwambia mbu hawalali kwenye maua yangu, wanalala kwenye tangi lake lisilo na kifuniko. Hilo halikunisaidia. Mwishowe tulikubaliana dawa ipigwe jioni, maua yakiwa yamefunga, na kwenye ukuta wangu isipigwe kabisa. Nadhani alikubali ili niondoke.

Lakini aliyenishinda alikuwa Mama. Mwanamke wa kwetu haachi mboga itoe maua. Mboga iliyochanua ni mboga iliyosahauliwa, na nyumba yenye mboga zilizosahauliwa ina mwanamke mvivu. Unakata kichwa cha ua, majani yanachipua tena, hivyo ndivyo alivyotulisha. Nilitoka bafuni asubuhi moja nikamkuta amepita kwenye mitoo, kwenye dania, kwenye kunde, kote. Maua yote yalikuwa chini. Alikuwa amesimama katikati, ameridhika, vidole vya kijani.

Nilipiga kelele. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilimpigia mama yangu kelele hadi mbwa wa nyumba ya pili akabweka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Watu wakipita hapa," akasema taratibu, "watasema nilizaa mtoto asiyejua kazi." Nikakaa chini kwenye udongo nikalia, naye akaniuliza ni nani aliyenipiga.

Siku zilivyosogea nilikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akifanya alipotaka mbegu za msimu ujao. Alichagua mimea michache, akaifunga kitambaa shinani, na hapo hata mgeni alijua kwamba hiyo haichumwi. Ilikuwa ya mbegu. Nilikuwa na mabaki ya vitambaa ambayo jirani alinipa zamani za amani, ya madoadoa, ya maua, ya dhahabu. Nikayakata nyuzi nyuzi, nikafunga kila mche uliokuwa na dalili ya kuchanua. Mama alitoka alfajiri, akaona. Akashika kitambaa cha kwanza, akashika cha pili. "Za mbegu," akasema. "Za mbegu, Mama." "Nyingi hivi?" "Mwaka huu tunapanda sana." Akaziacha. Akapita kando ya mimea ile kwa heshima, kama mtu anayepita kwenye mkeka wa watu, na hakuchuma tena hata moja.

Wakaanza kuja. Kwanza wale inzi wenye mistari wanaosimama hewani, kisha vipepeo weupe wadogo kwenye kishona-nguo. Baadaye nikasikia mvumo mzito, na yule mweusi mkubwa alikuwa kwenye mitoo, anayainamisha maua kwa uzito wake. Nyuki wa kawaida waligundua rehani kabla ya kugundua kitu kingine. Niliwasikia kabla sijawaona. Likizo yangu ilikuwa inakwisha na shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, na kila asubuhi nilitazama maua ya maboga nikaona nyuki wakiyapita kwenda kwenye rehani. Niliwalaani kimoyomoyo. Karamu yote ile niliwaandalia, na sahani niliyotaka waonje ndiyo waliyoiruka.

Asubuhi niliyoisubiri ilifika bila kunitayarisha. Tulikuwa tumekaa, Mama kwenye kigoda, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kulikuwa na ua la kike limefunguka, na nyuma yake kiboga. Nyuki alitoka kwenye ua la kiume hapo juu akiwa amejaa vumbi la manjano mwili mzima, akazunguka, akaingia moja kwa moja ndani ya lile la kike. Nilimwona akizunguka humo. Sikumbuki kusimama. Najua nilikuwa nimesimama, nacheka, nasema, "Mama, tazama, yule pale, ameingia," na mkono wangu ulikuwa umenyooka mbele yangu, kidole kimelenga ua, kimelenga nyuki, kimelenga kiboga kilichokuwa nyuma yake.

Mama hakutazama nyuki. Alitazama kidole changu, kisha akanitazama usoni kwa muda, kana kwamba anajumlisha.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nilitaka kumweleza. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kueleza habari ya nyuki. Kisha nikaona njia ya kutokea imefunguka, nikafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Kama ni mimi, basi si jirani.

"Ndiyo, Mama. Ni mimi."

"Na yale mengine."

"Yote. Ni mimi niliyeyanyooshea. Jirani hakufanya kitu."

Aliinuka. Alitafuta viatu vyake, akavaa, akafunga leso yake vizuri kiunoni, akatoka mlango wa mbele. Nilimfuata kwa nyuma. Alibisha kwa jirani, na jirani alipofungua, Mama alimshika mikono yote miwili, ile mikono aliyokuwa akiichunga, akaishika kifuani. "Binti yangu, nilikukosea," akasema. "Mwenye kuharibu maboga yangu yuko ndani ya nyumba ile ile. Ninalala naye." Jirani alinitazama juu ya kichwa cha Mama. Nikamwashiria akubali. Akamkumbatia, akamwingiza ndani, akamwekea chai ya tangawizi, na Mama akainywa yote.

Baadaye jirani alinifuata jikoni kwangu.

"Jirani, umefanya nini?"

"Nimekubali tu. Si unaona umesafishika?"

"Na yeye akikuamini?"

"Atasahau. Unamjua. Anasahau kila kitu."

Jirani alitikisa kichwa, akarudi kwake kwa Mama. Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nilikuwa nimeishi na kile kidole kila asubuhi, nilijua ni kitu gani pekee ambacho Mama hasahau, na bado nilijidanganya mchana kweupe kwa sababu nilihitaji kurudi kazini.

Kaka alikuja shule zilipofungwa. Alimkuta Mama na jirani wamekaa nyuma ya nyumba, wanachambua mchele na kucheka jambo fulani. Alizunguka akatazama alizeti, vitambaa kwenye mimea, nyuki wanavyoingia na kutoka. "Hapa yuko sawa," akasema. "Siwezi kumng'oa hapa." Mama alimvuta kando kabla hajaondoka, wakaongea kwa muda. Kaka alinipungia mkono kutoka langoni bila kunitazama sana. Sikumuuliza aliambiwa nini.

Nilirudi Kariobangi kuuza rangi. Jirani alikuwa na Mama kila mchana, na jioni nilipofungua lango nilisikia wakiongea. Nilipoingia, Mama alinyamaza. Kwanza alikataa chai yangu, kisha chakula. Nilipika, nikampelekea jirani kwake, jirani akakileta kama chake, na Mama akala. Alianza kufunga mlango wa chumba chake kwa ndani. Nikimfunga kitambaa kichwani alikuwa anakaza shingo, halafu akawa hakubali nimfunge tena. Mwanzoni nilikuwa mtoto aliyekosa. Kisha nikawa mwenye nyumba. Kisha nikawa huyu mwanamke. Nilijaribu kukanusha. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia nilisema uongo, sikuyanyooshea, nilikuwa naonyesha nyuki. Akamtazama jirani amwokoe.

Bustani wakati huo ilikuwa inavuma. Nyuki walikuwa kwenye kila ua, na mwenyekiti alipopita aliniuliza nimefanyaje, maana mlimau wa mke wake ulio ndani ya ndoo umezaa. Maboga yalishika moja baada ya jingine, hata upande wa jirani. Niliyatazama yakinenepa na sikusikia furaha yoyote. Niliwachukia kidogo wale nyuki, nao hawakuwa na kosa lolote isipokuwa kuja.

Boga la kwanza tulilivuna Jumamosi. Mama alilikata shina mwenyewe kwa kisu, akaligonga kwa ngumi kusikia kama limekomaa, akalibeba mpaka jikoni kwa jirani. Nililipika mimi, kule kwa jirani, Mama akiwa barazani asinione. Lilikuwa tamu, kavu kama viazi, kama yale ya nyumbani. Jirani alimpelekea sahani akakaa naye. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la mlango, kwa sababu nilitaka angalau nimwone akila.

Alikula kipande kizima. Kisha akainama karibu na jirani.

"Mama, wewe ni mtu mzuri," akamwambia. "Nikuombe kitu. Nina binti yangu hapa Nairobi. Anafanya kazi Kariobangi, duka la rangi. Mtafute. Mwambie aje anitoe kwa huyu mwanamke. Akijua niko hapa, atakuja mbio."

 Jirani aliinua macho mpaka kwenye pazia, akaniona, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Niliitikia kwa kichwa kumwambia akubali.

"Nitampigia leo leo, Mama," akasema. "Atakuja."

Mama akafurahi sana. Akaomba aongezewe. Nikachota kipande kingine sufuriani, nikakipoza kwanza kwa sababu hapendi chakula cha moto, nikampa jirani ampelekee.